Vidonge Sita vya Butoyi

Mabinti mnaokuja kwangu hapa Buyenzi kuniuliza kazi ya uyaya ikoje, kaeni chini nyinyi. Mimi kukaa siwezi. Tangu niache kazi, mwaka wa tatu huu, sijamaliza kikombe cha chai nikiwa nimeketi. Naamka alfajiri, naswali, nafagia ua, kisha nafagia tena palepale nilipofagia. Mwanangu Shabani, ambaye ni fundi wa magari, huniambia nimeshastaafu, nipumzike. Namjibu kwamba mtu aliyekimbiza watoto wa kiume miaka thelathini na moja hawezi kusimama ghafla kama gari lililoishiwa mafuta, na magari yaliyoishiwa mafuta mji huu tunayajua.

Lakini nisiwadanganye, kinachonizungusha siku hizi si mazoea peke yake. Kuna kijana mmoja niliyemlea Kinindo ambaye huja kuniona kila Jumapili. Nilimkosea akiwa mdogo, kosa la kikazi, na nusura nimuue. Yeye alikuwa hajui. Miaka kumi na saba nililibeba neno hilo, na kila Jumapili nilikuwa nasema leo namwambia, kisha namtilia chakula, tunacheka, anarudi kwao bila kuambiwa. Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, kwamba nikishasema hatakuja tena. Basi nitawasimulia, maana ndilo somo kubwa nililo nalo, ila mniache nifike kwa njia yangu.

Jina la familia sitalitaja, na nyinyi msiende kuuliza-uliza Kinindo. Watoto nitawaita Bukuru na Butoyi, na hapo sitakuwa nimemtaja mtu, kwa sababu mapacha wa nchi hii ndivyo wanavyoitwa, mkubwa Bukuru na mdogo Butoyi. Simama sokoni uite Butoyi, watageuka watu ishirini na mmoja wao atakuwa polisi.

Kazi hii nilifundishwa Bwiza, nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja mwenye wavulana wanne. Nilikuta yaya mkubwa pale, Mkongomani wa Uvira, tukimwita Mama Anjelani. Alikuwa mnene, mpole, na hakuwahi kukimbia hata siku moja. Mimi nilikuwa nakimbia kutwa nzima na watoto walikuwa wananishinda. Siku moja mtoto wa pili aliingia ndani kimya, akakaa kwenye kiti akiwa ameshikanisha mikono kama mtu aliyekwenda kuposa. Nikamuuliza amefanya nini. Akasema hakuna. Nikafurahi, nikarudi jikoni. Mama Anjelani akaniita.

"Mutoto mwanaume usimuulize amefanya nini," akaniambia. "Atakuambia hakuna. We angalia magoti yake, angalia mifuko."

Magoti yalikuwa na mafuta ya mnyororo. Mifukoni mlikuwa na nati tatu za baiskeli ya jirani, na jirani mwenyewe alikuwa ameshapanda baiskeli anakwenda zake. Nilimkimbilia mpaka kwenye kona, nikamkuta ameketi chini kando ya gurudumu lake, anamtukana mtu asiyemjua. Tangu siku hiyo sijamuuliza mvulana amefanya nini. Kelele za wavulana ni afya. Wakinyamaza, acha hata kama umeshika sufuria, nenda ukatazame.

Mengine nilijifunza kwa kuharibu. Siku moja nilianza kumnyoa mtoto kwa wembe, nikafika katikati ya kichwa, kukapita ngoma barabarani. Akachomoka mikononi mwangu. Alizunguka Bwiza nzima akiwa na nusu ya nywele, na kila duka alilopita walimpa pipi kwa kucheka, hata akakataa katakata kumaliziwa. Baba yake aliporudi jioni alimkuta hivyohivyo. Kwa hiyo mabinti, mkinyoa mtoto, fungeni mlango kwanza. Mkiogesha, anzeni na miguu. Ukianza na kichwa, sabuni ikimgusa jicho umeshampoteza. Mtoto anayeweka chakula shavuni hamezi, usimkaripie, mwambie akuimbie wimbo. Na wakipigana usiulize nani ameanza, maana swali hilo linaleta ngumi nyingine.

Nyinyi mnacheka. Leo mnalea mkiwa na simu mkononi, mna pampasi, mna kipimo cha homa kinacholia chenyewe. Sisi tulipima homa kwa shingo, kwa upande wa nyuma wa mkono, na nepi tulifua kila siku mpaka vidole vinajikunja. Sisemi zamani ilikuwa bora. Kama ningekuwa na kile kipimo kinacholia, pengine nisingekuwa na haya ya kusimulia.

Ngojeni nigeuze maharagwe yasiungue.

Haya. Kinindo nilifika mapacha wakiwa na miezi minne. Mama yao, ambaye nilimwita Madamu mpaka siku ya mwisho, alikuwa mtu wa ofisi, mwembamba, mwenye haraka, na moyo mzuri uliofichwa nyuma ya sura ya ukali. Baba yao alifanya kazi Gitega na kurudi Ijumaa. Mimi nilitoka hapa asubuhi kwa miguu, nikafika kabla Madamu hajaondoka, nikarudi jioni. Shabani wangu alibaki na dada yangu. Hunitupia hilo mpaka leo: anasema watoto wa Kinindo nilikuwa nawapulizia uji, yeye alijipulizia mwenyewe. Nacheka, lakini ni kweli, na yaya yeyote mwenye mtoto wake anajua inavyouma.

Mapacha, mabinti, ni kazi nyingine. Kwanza wale wawili walifanana hata baba yao alikuwa akiwabahatisha siku ya Ijumaa, ingawa mimi sikuwahi kuwachanganya. Pili, kuna desturi. Kwa Warundi mapacha hawabaguliwi. Ukimvisha huyu umvishe na yule, ukimpa huyu kipande umpe na yule, kipande kilekile. Ukimpendelea mmoja unajiitia balaa nyumbani. Mimi ni Mwislamu wa Buyenzi, mambo hayo hayakuwa yangu, lakini niliyashika kwa sababu yalifanya kazi. Mapacha wakipata sawa hawalii. Nilikata ndizi katikati, nikamimina maziwa vikombe viwili na kuvilinganisha kwenye mwanga wa dirisha. Walipokua kidogo nikawafundisha mmoja agawe mkate na mwenzake achague, na hapo ungeona Bukuru anavyokata kwa makini, ulimi nje. Mayaya wa jirani walikuja kwenye uzio kunitazama. Nilijiona nimefika. Mwenye kujiona amefika huwa anakaribia shimo, ila haoni.

Bukuru alikuwa na tatizo lake. Akinyimwa kitu alilia mpaka anakata pumzi. Midomo inakuwa ya buluu, macho yanageuka, anaanguka. Daktari alikuwa ameshasema halimuui, litaisha akikua. Lakini kumwona mtoto anazima mbele yako na kusubiri azinduke, hiyo si kazi ndogo. Kwa hiyo nilikuwa nimezoea kumzuia asifike huko, na njia ilikuwa moja, nusu kwa nusu.

Walikuwa na miaka miwili na nusu Butoyi aliposhikwa na homa. Madamu aliwapeleka wote wawili kupimwa. Butoyi alikuwa na malaria, Bukuru hana kitu. Butoyi akaandikiwa vidonge sita, kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku tatu, kuyeyushwa ndani ya kijiko cha maji. Ni dozi ya mtoto mmoja, na Madamu alinitajia mara mbili jina la anayeugua. Asubuhi iliyofuata ilibidi aende mikoani kwa kazi, siku tatu. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka mlimani, yaani kijijini, kututembelea, mukecuru, bibi kizee, mtaratibu, asiyejua Kiswahili sana wala mimi Kirundi cha ndani, lakini tulielewana. Kuanzia asubuhi ile vidonge vilikuwa mikononi mwangu.

Niliyeyusha kidonge cha kwanza, nikatia sukari, nikasema bismillahi, nikampelekea Butoyi mdomoni. Bukuru akaona kijiko. Akaona sukari. Akafungua mdomo kama kifaranga. Nilipompita, akaanza. Akalia, akakata pumzi, akawa buluu, akaanguka kwenye sakafu mbele ya bibi yake. Mukecuru akapiga kelele, akamnyanyua, akamwagia maji. Alipozinduka, akaniambia kwa Kirundi na kwa mikono kwamba mapacha hawapewi hivyo, kwamba nitawaletea ugonjwa mkubwa zaidi ya huo, kwamba kinachokwenda kwa mmoja kinakwenda kwa wawili.

Msinisikie vibaya. Simsingizii mukecuru. Yeye alisema lake, lakini mkono uliogawa kijiko kile ulikuwa wangu. Nilijiambia maneno matatu, na nawaambia ili mkiyasikia vichwani mwenu myafukuze. Nilijiambia kwamba Bukuru naye analala kitanda kimoja na mwenzake na mbu hachagui, basi acha ajikinge. Nilijiambia kwamba nusu ya dawa si sawa na kukosa dawa. Na nilijiambia kwamba ndivyo ninavyofanya siku zote na sijawahi kukosea. Nikampa Butoyi nusu, nikampa Bukuru nusu. Nyumba ikatulia. Jioni nikafanya vilevile, na kesho yake, na kesho kutwa yake, mpaka vidonge vyote sita vikaisha.

Madamu alipiga simu kila siku. "Mama Shabani, mutoto amekunywa dawa?" Nami nikamjibu amekunywa. Ulimi wangu haukujikwaa hata kidogo, kwa sababu homa ilikuwa imeshuka kweli, Butoyi alikuwa anacheza, na mimi nilikuwa najisifu moyoni.

Siku ya nne, saa sita mchana, nilikuwa naanika nguo. Nikasikia kimya. Niliacha shati likiwa na kibanio kimoja, nikakimbia ndani. Bukuru alikuwa amechuchumaa sakafuni anamtazama ndugu yake. Butoyi alikuwa amelala ubavu, anatetemeka mwili mzima, meno yamekazana, povu mdomoni, macho meupe. Nilimshika shingo. Mabinti, shingo ile ilinichoma mkono. Degedege nilikuwa nimeliona mara mbili maishani mwangu, na mara moja kati ya hizo mtoto hakurudi.

Jirani alikuwa na gari na mafuta kidogo. Alitupeleka hospitali, mukecuru mbele akimshika Bukuru, mimi nyuma na Butoyi mapajani. Sijui nilisoma dua gani na gani, nilikuwa naanza moja na kumalizia nyingine. Tulipofika wakamchukua, wakamtundikia maji, wakamchoma sindano, degedege likaacha lakini hakuamka. Madamu alifika saa mbili baadaye, akitoka safarini, viatu vina vumbi. Alikuwa amepitia nyumbani, kwa sababu mkononi alikuwa na ile paketi tupu ya vidonge.

Daktari alikuwa kijana, mtulivu. Akauliza kama mtoto alimaliza dozi. Madamu akamwonyesha paketi. Akasema imeisha yote, tena mfanyakazi wake ni mtu makini, ana watoto hao tangu wachanga. Daktari akaitazama paketi, akasema basi huenda dawa ile imeshindwa kwa mtoto huyu, na hapo itabidi wafuate njia nyingine. Akauliza tena, kwa uhakika, alivimeza vyote?

Mukecuru alikuwa kando yangu, haelewi kinachosemwa. Mimi nilikuwa naelewa kila neno. Nilifikiria kazi. Nilimfikiria Shabani, ambaye mwaka ule alikuwa ameingia sekondari. Nilifikiria polisi, na watu wa hapa mtaani watakavyosema kwamba Mama Shabani amekwenda kuua mtoto wa watu Kinindo. Halafu nikatazama kile kitanda na mtoto aliyelala juu yake mdomo wazi.

"Madamu," nikasema, "dawa hakumaliza."

"Unasema nini, Mama Shabani? Paketi haina kitu."

"Nilimupa nusu. Nusu ingine nilimupa Bukuru."

"Mara ngapi?"

"Zote."

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alikaa juu ya kiti cha plastiki, akaiweka paketi mapajani, akaitazama. Daktari hakusema neno la kunilaumu, aliandika kitu kwenye karatasi yake na kutoka haraka, nikasikia anaita muuguzi. Mukecuru alipofafanuliwa, alisema mbele ya wote kwamba ni yeye aliyeniamuru, mimi nilitii tu. Haikuwa kweli yote, na yeye alijua. Allah amrehemu, ameshatangulia.

Butoyi aliamka siku ya pili yake. Aliomba maji kwa Kiswahili cha Buyenzi, hicho nilichompa mimi, na mama yake akalia kwa mara ya kwanza. Walikaa hospitali siku sita. Siku ya kutoka nilikwenda na nguo zangu nilizokuwa naziacha kwao, ndani ya mfuko, nikijua ndiyo safari ya kuaga. Madamu akauona mfuko.

"Ungenyamaza, daktari asingejuwa," akaniambia. "Nimefikiria hiyo siku zote sita. Kesho uje saa yako." Kisha akaongeza, bila kunitazama, "Watoto wasijuwe sasa. Wakikuwa wakubwa, utamuambia Butoyi we mwenyewe."

Nikasema ndiyo. Ningesema ndiyo kwa chochote.

Mngedhani yaliishia pale. Mimi pia nilidhani. Butoyi alirudi kunenepa, akarudi kupigana na kaka yake, na mimi nikawa sigawi dawa tena bila karatasi ya daktari mbele yangu. Lakini alipokaribia miaka minne nikaanza kumwona mkaidi. Unamwita akaoge, hageuki. Unamwita tena, hageuki. Siku moja nilimfuata kwa nyuma, upande wa kushoto, nikamfinya kwa hasira kwa kuwa nilimwita mara tatu. Akashtuka kama mtu aliyeamshwa. Alinitazama kwa mshangao hata nikajua. Nikahamia upande wa kulia, nikamwita kwa sauti ya chini. Akaitika. Nikarudi kushoto, nikaita kwa sauti kubwa. Hakusikia.

Nilimfinya mtoto kwa sababu ya sikio nililomuulia mwenyewe, ndivyo nilivyojiambia, na hata sasa nikikumbuka sioni raha. Daktari wa masikio alisema inaweza kuwa ile homa iliyopanda kichwani, inaweza kuwa dawa kali za hospitalini, inaweza kuwa alizaliwa hivyo na hatukugundua. Hakuna ajuaye. Watu wengine wangeshukuru kwa hilo neno la hakuna ajuaye. Mimi limenifanya niwe natembea ndani ya nyumba usiku na mchana. Lingekuwa kosa langu lote ningelia nikamaliza. Lisingekuwa langu ningelala.

Nyumbani walisema tu kwamba Butoyi sikio moja ni zito. Alikua nalo. Alijua kukaa upande gani darasani, alijua kumweka Bukuru kushoto kwake barabarani ili magari yasimshtue. Wale wawili walikuwa wanagawana hata kusikia. Miaka ikaenda, wakafika sekondari, mimi magoti yakakataa, nikaacha kazi. Madamu alinifanyia sherehe ndogo. Aliponikumbatia akaniuliza sikioni kama nimeshamwambia. Nikasema bado.

Na sasa nifike kwa mwaka huu. Walimaliza masomo, wakaomba wote wawili shule moja ya kijeshi, ya kusomea uofisa. Tangu wadogo ndiyo ndoto yao, walikuwa wananipigia saluti nikitoka jikoni na sufuria. Mitihani walipita wote, Butoyi alama zake juu ya za kaka yake. Kisha wakapimwa afya. Bukuru akapita. Butoyi akakataliwa kwa sababu ya sikio.

Alikuja Jumapili ile baada ya ibada kama kawaida, kwa miguu kutoka Kinindo. Alikaa, mimi kulia kwake. Aliniambia habari hiyo akiwa anatabasamu, na kwamba Bukuru ataondoka Jumamosi, na kwamba yeye atatafuta chuo kingine, si kitu. Niliyaangalia magoti yake. Mikono yake ilikuwa imeyakamata kwa nguvu. Mama Anjelani alinifundisha vizuri.

Nikasema sasa, au nife nalo. Nilisimama, siwezi kusema jambo kubwa nikiwa nimekaa. Nilimwambia yote, vidonge sita, kijiko, sukari, Bukuru alivyokata pumzi, bibi yake, simu za mama yake, yale niliyojiambia. Nilimwambia na maneno ya daktari wa masikio, kwamba hakuna ajuaye, lakini nikasema simpi hayo kama kujitetea. Nikamwambia nisamehe, mwanangu, na ukishindwa pia nitaelewa.

Alinisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, sikio zuri kwangu. Halafu akasimama, akachukua koti lake, akatoka. Chakula kilibaki mezani, sahani imefunikwa.

Wiki hiyo, mabinti, ndiyo mliyoniona nazunguka hapa mtaani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mlinisalimia nikapita. Shabani alinikuta nafua mapazia yaliyokuwa safi. Alhamisi akaja Bukuru kuniaga, amenyolewa kichwa chote, si nusu kama yule wa Bwiza. Nilimtazama usoni nione kama ameambiwa. Hakuwa ameambiwa. Alikuwa na furaha na huzuni pamoja, akaniuliza kama naona Butoyi amekasirika naye kwa kuwa yeye amepita, maana tangu Jumapili hasemi sana. Nikamwambia hapana, ndugu yako anakupenda. Nikamwombea dua, nikamkumbatia. Alipotoka nililia, kwa kuwa yule naye ni mtoto wangu na nilimpa nusu isiyokuwa yake bila kumuuliza.

Jumamosi akaondoka. Jumapili nilipika, kwa mazoea ya mikono tu. Saa ya Butoyi ikafika, ikapita. Saa nyingine ikapita. Nilikwenda mpaka barabarani nikarudi, nikaenda nikarudi, wenye gereji wakaanza kunicheka. Niliporudi mara ya tano nikamkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango wangu. Alikuwa amekuja kwa njia ya nyuma.

Nikasimama mbele yake. Yeye ndiye aliyeanza.

"Yaya, Bukuru ulimuambia?"

"Apana. Sikumuambia."

Akashusha pumzi, kwa muda mrefu, mabega yakashuka nayo.

"Usimuambie," akasema. "Akijuwa ataacha shule, atarudi."

Kisha akasogea ili nipate nafasi kwenye ngazi, upande wake wa kulia, nami nikakaa.